Chini Hakuna Dirisha

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wanafunzi, wazee na jamaa wa baharini. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Asalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Mbona sauti za kuumwa? Haya, tutaamshana mbele ya safari.

Mwalimu aliyenialika aliniandikia kwenye kikaratasi nizungumzie "maisha ya vita baharini". Kikaratasi nimekikunja, kimo mfukoni. Nikianza na uongo mtanishika, maana Tanga hakufichiki kitu. Mimi sikuwa mpiganaji. Nilikuwa stoka. Zamani stoka alikuwa mtu wa kutupa makaa kwenye tanuri la meli. Makaa yalikwisha kabla sijazaliwa, jina likabaki. Kazi yangu ilikuwa injini, pampu, mabomba na matenki. Miaka kumi na ushee ndani ya manowari, na kombora sikuliona likiruka hata mara moja. Nililisikia tu. Likiondoka, meli nzima hushtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na sisi kule chini tunatazamana, kisha tunarudi kusoma geji.

Manowari lenyewe ni neno la Kiingereza lililovalishwa kanzu. Waingereza meli yao ya vita waliiita man-o-war, sisi tukaongeza irabu mwishoni, likawa letu. Na Tanga manowari tunazijua. Novemba 1914 kruza ya Kiingereza, jina lake Fox, iliingia bandarini hapa ikitaka mji usalimu amri, na nyuma yake meli zimejaa askari kutoka India. Yaliyofuata mnayajua, Wajerumani waliwarudisha baharini, na habari ya nyuki waliowavamia askari mnaijua kuliko mimi. Ila kwa bibi zetu kruza, destroya, hata boti yenye mzinga mmoja, zote zilikuwa manowari. Wenye kazi ndio hutofautisha. Yangu mimi ilikuwa destroya, ambayo kwa Kiswahili ni mwangamizi. Nitakuja kuwaambia kwa nini jina hilo naliona halikuwa lake.

Kazi yangu ya kwanza baharini niliifanya nikiwa na miaka minane, kwenye mashua ya baba, na ilikuwa kufua maji. Watoto wa mjini watadhani nasema kufua nguo. Mashua yoyote ya mbao huvuja, maji hukusanyika ngamani, chini kabisa ya chombo, na mtoto ndiye hukaa pale na upo wake, kata ya kufulia maji, anayachota kuyarudisha baharini. Baba yuko tezi, nyuma, ameshika usukani anaona kisiwa cha Ulenge, anaona ndege, anaona upepo unakotoka. Mimi naona ngama. Nilipokuwa mtu mzima, na meli ya tani elfu kadhaa, wakanipeleka wapi? Ngamani tena. (Kicheko.) Mungu akikuandikia mahali pako, huhami.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa Uingereza nikijifunza ufundi wa mitambo, na ada ikanishinda. Wakati ule jeshi lao la majini lilikuwa likipokea vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, nikajiandikisha. Mafunzo ya mwanzo yalikuwa kwenye kambi inayoitwa Raleigh, huko Torpoint, Cornwall. Kambi iko nchi kavu, ina miti, ina magari, lakini wao wanasema ni meli. Sakafu ni deki. Ukitoka getini kwenda dukani, umeshuka pwani. Nilidhani wanafanya mzaha hadi nilipoadhibiwa kwa kusema "sakafu". Baadaye nikaenda Gosport, chuo cha mitambo, na hapo ndipo nilipoona turbini kwa mara ya kwanza.

Nisichoshe na vyuo. Tupande melini.

Waingereza walijijengea destroya 14 za aina ile, ya kwanza ikaanza kazi 1975. Nne za mwisho walizirefusha zikafika mita 141, na yangu ilikuwa mojawapo ya hizo nne. Ukiilaza pale uwanja wa mpira wa Mkwakwani itatokeza nje ya magoli pande zote mbili. Upana wake ni mita 15 hivi. Sasa chukua watu karibu 300 uwaweke humo, pamoja na makombora, mzinga, helikopta, matenki ya dizeli, jiko, hospitali ndogo na duka la peremende. Kitanda changu kilikuwa cha katikati kati ya vitatu vilivyopandiana. Nikigeuka, bega linagusa chuma cha juu. Wa juu yangu alikuwa akikoroma. Wa chini yangu alikuwa akiongea usingizini na mama yake. Nilijua mambo ya familia ile ambayo hata kasisi wao hakuyajua.

Injini zilikuwa nne, zote turbini za gesi. Mbili ndogo, Tyne, za mwendo wa kawaida. Mbili kubwa, Olympus, za haraka. Hizi Olympus ni ukoo mmoja na zile zilizorusha Concorde, ile ndege iliyokuwa ikiipita sauti. Huwezi kutumia kubwa na ndogo kwa pamoja: ama hizi, ama zile. Amri ikija ya kubadilisha, unasikia Tyne zikishusha pumzi na Olympus zikianza kupanda, kwanza mluzi, halafu mngurumo, halafu kitu ambacho si sauti tena, kinaingia kwenye meno. Meli inakwenda maili 30 za bahari kwa saa. Juu, wenzetu wanaona povu na mapezi ya maji omo, mbele ya meli. Chini, kikombe cha chai kinatembea mezani peke yake.

Na chini hakuna dirisha. Hili nawaomba mlishike, nitalirudia. Mtu wa injini haijui bahari kwa macho. Anaijua kwa nyayo. Meli ikigeuka, unajua kwa uzito unavyohamia mguu mmoja. Bahari ikichafuka, maji ya ngamani yanakwambia kabla ya mtu yeyote. Ukiwa karibu na nchi, injini zinashuka na amri zinakuja fupi fupi. Miezi mizima nimepita mbele ya miji ambayo watu hulipa fedha kwenda kuitazama, nami niliyoona ni mkono wa geji ukitetemeka.

Siku ya baharini hukatwa kwa zamu za saa nne nne. Hesabu yake ni sita kwa siku, nayo ni hesabu mbaya, kwa sababu ukiwa na makundi mawili au matatu, kila kundi litapata zamu ile ile kila siku, na wa usiku wa manane atakuwa wa usiku wa manane mpaka afe. Kwa hiyo wahenga wao wakaigawa ile ya saa kumi jioni hadi saa mbili usiku ikawa mbili fupi za saa mbili mbili. Zikawa saba. Saba haigawanyiki kwa mbili wala kwa tatu, basi kila siku unasogea. Nilipoelezwa hili nilifurahi kama nimeonyeshwa muujiza. Mambo mengi ya meli ile yalikuwa hivyo: mtu mmoja aliteseka zamani, akafikiri, sisi tukapata nafuu.

Usiku wa manane kulikuwa na kinywaji chao, kai, kakao nzito ambayo kijiko husimama. Kuoga: jilowanishe, funga bomba, jipake sabuni, fungua, jisuuze, toka. Maji matamu tulikuwa tunayatengeneza sisi wenyewe kutoka maji ya chumvi, na mashine ikigoma, stoka ndiye anayetazamwa vibaya kwenye foleni ya chakula. Kufua nguo, safari hii nguo kweli, kwao kunaitwa dobi. Neno la Kihindi, wao wamelichukua Bombay, sisi nasi tumelichukua huko huko. Siku niliyolisikia nilijiona niko Ngamiani, hapa hapa Tanga.

Ibada je? Najua kuna mtu hapa ana swali hilo, namwona anavyojisogeza. Kusali nilisali, nyuma ya karakana, penye nafasi ya mkeka mmoja. Shida ni kibla. Meli hugeuka. Unaanza rakaa ya kwanza umeielekea Makka, ya tatu umeielekea Brazili. Afisa wa ramani, Mskoti asiye na dini yoyote, alikuwa akiniandikia digrii kwenye kikaratasi na kunikabidhi bila neno, kama mtu anayetoa risiti. Ramadhani moja tulikuwa kwenye joto la Ghuba. Daktari wa meli akanikataza kufunga nikiwa zamu ya injini. Nililipa baadaye, nyumbani, kwa raha zangu.

Tulipovuka Ikweta walifanya sherehe yao. Mtu mmoja anavaa ndevu za kamba, anakuwa mfalme wa bahari, na kila ambaye hajawahi kuvuka anahukumiwa, anapakwa uji mchafu, ananyolewa kwa wembe wa ubao, anatupwa kwenye maji. Nilisimama mbele ya mahakama nikajitetea. Nikasema, mheshimiwa, mimi nimezaliwa digrii tano kusini ya mstari huu. Nyinyi ndio wageni, mimi narudi nyumbani. Mfalme akashauriana na wazee wake. Akasema hoja ina nguvu. Halafu wakanitupa. (Kicheko kirefu.)

Sasa lile jina, mwangamizi. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na tishio jipya baharini, boti ndogo za kasi zenye topido, bomu linalokwenda ndani ya maji. Boti ya bei rahisi iliweza kuzamisha meli kubwa ya mfalme. Waingereza wakatengeneza meli ya kuzifukuza boti zile, wakaiita mwangamizi wa boti za topido. Ya kwanza, Havock, iliingia majini 1893. Boti zikaja zikaisha, jina likakatwa mkia, likabaki "mwangamizi" tupu, kana kwamba kazi yake ni kuangamiza dunia. Lakini tangu siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mkubwa na anayemjia mkubwa. Vilipokuja vita vya nyambizi ikalinda misafara ya meli za mizigo na za askari. Zilipokuja ndege, ikalinda dhidi ya ndege. Aina yangu mimi ilijengwa kwa hilo: rada kubwa juu, makombora mbele, ikae mbali na meli kubwa, upande adui atokeako.

Wazee mnakumbuka nyumba zetu zilivyokuwa. Wageni na wanawake ndani, na kijana mmoja wa kiume anatandikiwa mkeka ukumbini, nyuma ya mlango wa mbele. Hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni mlinzi. Lakini mwizi akivunja mlango, wa kwanza kukanyagwa ni nani? Destroya ndiye yule wa mlangoni.

Mwaka 1982 Uingereza ilipigana na Argentina kwa ajili ya visiwa vya Falkland. Tarehe 4 Mei, destroya iitwayo Sheffield ilikuwa mlangoni, imetangulizwa mbele ya meli za kubeba ndege. Kombora moja la Exocet, lililorushwa na ndege, likaingia ubavuni. Watu 20 walikufa. Bomba kuu la maji ya kuzimia moto lilipasuka, kwa hiyo moto ulikuwapo na maji hayakuwapo, juu ya bahari! Ikaungua siku kadhaa, ikazama tarehe 10 ikivutwa. Tarehe 25 mwezi huo huo, Coventry, dada yake, iliwekwa kaskazini ya visiwa ili ndege ziijie yenyewe zisizijie meli zilizokuwa zinashusha askari. Zikaijia. Ikapinduka, watu 19. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto nafua maji kwenye mashua. Lakini nilipofika kwenye meli ya ukoo ule, miaka 19 baadaye, kila kitu nilichofundishwa kilitoka kwa wale 39. Kofia nyeupe ya pamba ya kufunika uso na shingo, na glovu nyeupe ndefu, usiivue hata joto likuue. Nguo za pamba, maana sare za kuchanganya nailoni ziliyeyuka juu ya ngozi za watu. Milango ya chuma, ukipita funga, hata kama unarudi baada ya dakika moja. Niliporudi Tanga mke wangu alinigombeza mwezi mzima, kila mlango nimeufunga nyuma yangu, yeye yuko jikoni mikono imejaa unga.

Kuna upande wa pili, tusiseme misiba tu. Tarehe 25 Februari 1991, vita vya Ghuba, meli kubwa ya Kimarekani, Missouri, ilikuwa pwani ya Kuwait ikipiga mizinga. Wairaki wakairushia kombora. Gloucester, moja ya nne zile ndefu, ikaliona kwenye rada na kulipiga angani. Muda wa kuamua haukufika dakika mbili. Kombora la meli kuangusha kombora katika vita vya baharini, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Waliokuwa kwenye injini za Gloucester siku ile, nawahakikishia, walishtuka, wakatazamana, wakarudi kusoma geji.

Mafunzo ya moto na maji tulifanyia Portsmouth, kwenye kisiwa kinachoitwa Whale Island. Wana kitu mfano wa tumbo la meli, kimejengwa kwa chuma, kinayumba kama kweli. Wanawafungia ndani, wanazima taa, wanafungua matundu ukutani. Maji yanaingia, na ni maji ya Uingereza, si ya Raskazone. Yanafika gotini, kiunoni, kifuani. Na nyinyi mnapewa nini kuokoa meli ya karne ya kompyuta? Nyundo, magogo ya mbao na kabari. Mnapigilia kabari kwenye ufa, mnaegemeza gogo, mnapigilia kabari nyingine. Niliangua kicheko mle gizani, meno yakigongana kwa baridi. Mkufunzi akauliza, nani huyo anayecheka? Nilikuwa nimemkumbuka baba na mfuko wake wa pamba ya kalafati, ya kuzibia nyufa za mbao. Mashua ikivuja usiku wa kusi, haulizi rada. Anauliza nyundo iko wapi.

Kila wiki ya mazoezi huko Plymouth huwa na siku ya vita vya kuigiza, na huwa Alhamisi. Moshi wa bandia, majeruhi wa kupakwa rangi, umeme unakatwa. Jina lake Vita vya Alhamisi. Mpaka leo Alhamisi asubuhi tumbo hunikaza kidogo.

Moto wa kweli niliuona mara moja tu. Saa tisa usiku, tuko watatu zamu. Nilikuwa napita kukagua, nikasikia harufu. Si harufu ya kawaida ya dizeli, hiyo tulikuwa tunailala nayo. Ilikuwa dizeli iliyopata joto, tamu kidogo, kama sukari inayoanza kuungua sufuriani. Nikamulika tochi. Kwenye kiungo cha bomba palikuwa na uzi mwembamba wa mafuta, mwembamba kama wa cherehani, unarukia blanketi la kufunika bomba la moshi. Blanketi lilishaanza kutoa mvuke. Kabla sijafungua kinywa, ule uzi ukawa na rangi ya buluu. Nikapiga kelele ile tuliyofundishwa, "Moto, moto, moto", kwa Kiingereza, naapa kwa Kiingereza, ingawa mwenzangu alishikilia miaka yote kwamba nilisema kitu kingine kabisa. Nikafunga valvu. Kijana wa pili akapiga povu. Wa tatu akazima injini ile. Juu wakashuka watu wa vifaa vya kupumulia, wakakuta moshi na watu watatu weupe kwa povu. Haikufika dakika sita. Meli iliendelea na safari kwa injini ya upande mwingine, na zaidi ya nusu ya waliolala waliamka asubuhi wakaambiwa.

Nilikaa mesini nikaletewa kai. Mikono haikutaka kushika kikombe. Nikafikiri: upana wa uzi wa cherehani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa kwa kweli. Kwenye meli ile palikuwa na chifu wetu wa mitambo, mtu wa Portsmouth, aliyekaribia kustaafu. Baada ya ule moto alianza kunizungumzisha. Usiku mmoja akaniuliza: wewe mtu wa Afrika Mashariki, kwenu wanasema nini juu ya Khedive Ismail? Nikadhani anauliza juu ya mfalme wa Misri. Akasema, hapana, meli. Nikasema siijui. Akanitazama sana. Halafu akanieleza.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria za kubeba askari uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Khedive Ismail ilikuwa mojawapo. Ndani yake watu wapatao 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa kikosi kimoja, Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Vijana wa huku kwetu, wanapelekwa vita vya Burma. Walikuwamo na wauguzi wanawake. Walinzi walikuwa kruza moja na destroya mbili, Paladin na Petard.

Hii Petard ilikuwa na historia yake. Mwaka 1942, kwenye Bahari ya Mediterania, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa inazama wakatoa vitabu vya siri vya Enigma, mitambo ya Wajerumani ya kuandika ujumbe kwa mafumbo. Wawili, Fasson na Grazier, walizama nayo. Wa tatu, aliyevipokea vitabu na kunusurika, alikuwa mtoto wa duka la peremende la mle melini, Tommy Brown, miaka 16, aliyedanganya umri ili apande meli. Kwa hiyo haikuwa meli ya watu wazembe.

Jumamosi tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi. Askari wengi wako chini ya deki, wengine wanatazama burudani ya muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikarusha topido, na mbili zikaipata. Khedive Ismail ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Mbili. Mimi kuzima kiungo kimoja cha bomba kulinichukua karibu sita. Aliyekuwa deki ya chini hakupata hata muda wa kuuliza ngazi iko wapi.

Walionusurika wakawa wanaelea, wameshika mbao, wengine wameshikana mikono. Na ile nyambizi ikaenda kujificha chini yao. Wa Petard wanaisikia kwenye mtambo wa sauti, iko pale pale, chini ya watu. Na meli nne zilizobaki, zenye maelfu ya watu, ziko mbele yake. Mwenye kulala mlangoni afanye nini?

Walipita katikati ya wale watu na kutupa mapipa ya baruti yanayolipukia ndani ya maji.

(Kimya ukumbini.)

Nyambizi ililazimika kuibuka. Paladin ikataka kuigonga ikachanika ubavu. Petard ikapiga mizinga, kisha topido, moja, ya pili, ya tatu, na ya saba ndiyo iliyoipata. Walioopolewa hai wote kwa pamoja ni kama 214. Waliokufa ni karibu 1,300. Majina ya wale wa kikosi cha mizinga yamechongwa kwenye mnara wa makaburi ya vita, Nairobi. Nimekwenda. Ni majina ya huku, ukiyasoma kwa sauti unaona kama unaita mahudhurio darasani.

Sikulala ule usiku. Nilichukizwa na chifu kwa kunieleza, kisha nikajichukia mimi kwa kufika miaka 30 bila kujua. Vitabu vya shule yangu vilikuwa na nafasi ya vita vyote vya Ulaya.

Kwa Waingereza, meli za aina ile zilimalizika 2013. Ya mwisho, Edinburgh, ilishusha bendera mwezi wa Juni, na nyingi katika ndugu zake zilivutwa hadi Uturuki kukatwa vyuma chakavu. Nami nilitoka mwaka ule ule, nikarudi Tanga, nikafungua karakana ya injini za boti. Injini za mkononi, za wavuvi. Zina kelele kidogo kuliko Olympus.

Kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani nilikuwa nakaa na mzee mmoja, jina lake sitalitaja, ameshatangulia. Siku moja akanisikia natamka Kilindini na 1944. Akaweka kikombe chini. Akasema kaka yake mkubwa aliingia jeshi la mizinga. Alipita nyumbani mara moja na buti mpya, akaenda Kilindini. Baadaye ikaja barua. Mama yao alisomewa kwamba amekufa maji, akauliza maji gani, na hakuna aliyejua kumjibu. Miaka 70, wanangu, watu wa nyumba ile hawakujua maji gani.

Nikamwambia mimi najua. Nikamweleza msafara, nikamweleza zile dakika mbili. Nilipofika kwenye mapipa ya baruti nikasita. Ningeweza kukatisha pale. Nikamtazama usoni, nikaona amesubiri muda mrefu mno kupewa nusu. Nikamweleza yote.

Alikaa kimya mpaka muuza kahawa akapita mara ya pili. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe umekuwa mtu wa mashine. Wale wenzako wa kwenye mashine, siku ile, waliwasikia watu majini?"

Nikasema, "Mapipa waliyasikia, Mzee. Yanagonga chuma kama nyundo. Watu hawakuwasikia. Chini hakuna dirisha."

"Na wa juu?"

"Wa juu waliwaona."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasukuma kikombe chake kwa muuza kahawa, akanionyesha kwa kidevu, akasema, "Mtilie na huyu."